Kaka yangu aliuzwa miwani mara tatu, jicho halikukaguliwa

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu wa darasa la tatu, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia. Leo nimeshindwa kunyamaza. Habari yenu ya Jumanne iliyopita, ile ya wapima macho kukumbushwa maadili ya kazi yao, imeishia pale ilipopaswa kuanza. Mmetuambia tujihadhari na vishoka wasio na leseni. Hao tunawajua, wanatembeza miwani stendi ndani ya beseni na hawadanganyi mtu kwamba wamesomea. Aliyemponza kaka yangu hakuwa kishoka. Alikuwa na leseni, imetiwa fremu, imetundikwa ukutani juu ya kioo cha kujitazamia wateja.

Kaka yangu ni fundi cherehani hapa Ngamiani, ana miaka 58. Mwaka 2021 alianza kusumbuka kutunga uzi kwenye sindano. Hilo peke yake si ajabu, maana mtu akishavuka miaka 40 macho ya kuonea karibu hupungua nguvu. Akaenda duka moja la miwani mjini. Akawekwa kidevu kwenye mashine, karatasi ya vipimo ikatoka, akasomeshwa herufi za ukutani na akazisoma zote mpaka mstari wa chini. Akalipa shilingi 85,000. Haukupita mwaka akarudi, akaeleza kwamba anagonga kizingiti cha mlango kwa bega la kushoto, na mkasi ukiwa pembeni ya meza hauoni mpaka aupapase. Akauzwa lenzi nyingine, zile za kubadilika rangi juani, 140,000. Mara ya tatu akarudi na malalamiko yale yale, akauziwa za kuzuia mwanga wa kompyuta kwa 260,000. Kaka yangu hana kompyuta. Ana cherehani ya kukanyaga na simu ya vitufe.

Februari mwaka jana nilimshika mkono mwenyewe nikampeleka hospitali. Daktari wa macho alimpima presha ya macho, yaani msukumo wa maji ndani ya jicho, akamtia matone ya kutanua mboni, akachungulia nyuma ya jicho kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akatuambia: glakoma. Mshipa wa fahamu wa jicho la kushoto umekufa karibu wote, wa kulia umekwisha kuliwa nusu. Akatufafanulia kwa upole kwamba ugonjwa huu hauumi, na kwamba huanza kula pembeni, katikati pakabaki safi mpaka mwisho. Ndiyo sababu kaka yangu alizisoma herufi zote za ukutani na kusifiwa kwa macho mazuri huku hauoni mkasi ulio kando yake. Kilichokwisha kufa hakirudi kwa matone, wala kwa upasuaji, wala kwa miwani ya bei yoyote. Tiba inalinda kilichobaki tu. Halafu akatuuliza, "Nyumbani kwenu kuna mtu aliyepofuka?" Tukatazamana. Baba yetu alikufa haoni. Wengine tulisema ni uzee, wengine wakamshuku jirani, na uhasama ule upo mpaka leo. Mhariri, nisikilize vizuri hapa. Swali lile halihitaji mashine. Halihitaji umeme wala dawa, na aliyesomea macho anajua kwamba ndugu wa tumbo moja na watoto wa mwenye glakoma wako hatarini kuliko watu wengine. Kaka yangu aliingia duka lile mara tatu, akaketi kwenye kiti kile kile mbele ya mtu yule yule, akataja dalili kwa kinywa chake, na mara zote tatu hakuulizwa. Aliulizwa rangi ya fremu.

Nilikwenda dukani kuomba karatasi za vipimo vyake ili daktari aone jicho lilivyokuwa likibadilika. Nilijibiwa kwamba vipimo ni mali ya duka. Mtu amelipa kupimwa jicho lake mwenyewe, kisha namba zilizotoka kwenye jicho hilo si zake! Binti wa mapokezi alinifuata mpaka nje, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mpimaji hupata nyongeza kwa kila miwani inayouzwa na hapati chochote akimwandikia mgonjwa rufaa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini karatasi hazitoki. Ukiwa nazo mkononi unaweza kununua miwani duka la pili, au ukampelekea mtu atakayeshangaa kwa nini pa kuandika presha ya jicho pako wazi.

Nchi hii ina Sheria ya Optometria, yaani taaluma ya kupima macho, ya mwaka 2007. Ina Baraza lenye kazi ya kuwasajili wapima macho na kuwawajibisha wakikiuka maadili. Kule Moshi, hospitali ya KCMC imewafundisha vijana wetu taaluma hii kwa miaka mingi, na wawili kati ya niliowafundisha kusoma na kuandika leo ni wapima macho ninaowaheshimu sana. Mmoja alinisimulia kwamba akiona tu kichwa cha mshipa wa jicho kimechimbika kupita kawaida, dalili ya glakoma, hauzi kitu siku hiyo, anaandika barua ya rufaa na kumpigia mgonjwa simu baada ya wiki kujua kama amekwenda. Basi inawezekana. Marekani tangu 1978 kuna kanuni inayomlazimu mpimaji kumkabidhi mtu cheti cha vipimo vyake bila malipo ya ziada, mara tu anapomaliza kumpima, anunue miwani kwake au asinunue. Sioni kwa nini mtu wa Tanga asidai hivyo hivyo.

Na nikiwa hapo hapo, kuna haya mahema ya "pima macho bure" yanayowekwa karibu na masoko na kwenye viwanja vya shule, vipaza sauti vikiita tangu asubuhi. Shuleni kwangu walikuja mwaka wa mwisho kabla sijastaafu. Watoto walipimwa kwa mashine peke yake, hakuna aliyewekewa matone, ingawa jicho la mtoto hujikaza likiangalia ndani ya mashine na kutoa namba za uongo. Jioni watoto 41 wa darasa moja wakaondoka na karatasi za kuwataka wazazi walete fedha za miwani. Mama mmoja muuza samaki alikopa ili alipe. Mwanawe aliivaa wiki moja akaumwa kichwa, na alipopimwa upya hospitali akaambiwa macho yake hayahitaji miwani. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni nikiwapanga watoto foleni, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Ninachokiomba ni kidogo na kinatekelezeka. Kila chumba cha kupimia macho kiwe na daftari la nakala mbili, lenye karatasi ya kaboni, kama lile la risiti. Ukurasa uwe na mistari minane: nguvu ya lenzi ya kila jicho, umbali kati ya mboni, presha ya jicho la kulia, presha ya jicho la kushoto, hali ya mshipa, mgonjwa anasumbuliwa na nini, nani nyumbani amepofuka, na mpimaji ameamua nini. Sahihi na namba ya usajili chini. Nakala ya juu apewe mgonjwa kabla hajaoneshwa fremu hata moja. Mkaguzi wa Baraza akija asiangalie leseni ya ukutani, afungue daftari. Na nyongeza ya mshahara kwa kila miwani iliyouzwa ipigwe marufuku kwa yeyote anayeshika taa ya kuchungulia jicho la mtu. Auze mwingine.

Mimi nilipimwa siku ile ile pamoja na kaka. Presha yangu ilikuwa 26 kulia na 24 kushoto, wakati kawaida haizidi 21. Sasa natia matone kila usiku saa tatu. Kaka bado anashona, ila suti ameacha, anapokea sare za shule tu, na mkewe ndiye anayekata vitambaa. Watoto wao ni wanne. Watatu wamepimwa na wako salama. Wa kwanza, ambaye ndiye aliyefanana na babu yake, anaendesha lori la mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na kila tukimpigia simu anasema atakuja akipata nafasi.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga