Barua kwa mabinti zangu wa kikoba: saa yako ya kupumzika itoe kwanza

Ndaga wanangu wote wa kikoba chetu, mnaouza soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, mnaofundisha, mlioajiriwa maofisini, na wewe wa kibanda cha miamala pale Kabwe ambaye nikipita asubuhi nikarudi jioni nakukuta umekaa palepale. Nimeona niandike kwasababu tukikutana Jumapili muda wote unaishia kwenye hisa na marejesho, mtu ukimuuliza hali anajibu nipo tu mama, na mimi nimekuwa nesi miaka mingi, nawaangalia macho yenu naona mmechoka.

Jambo langu ni moja tu. Muda wa kupumzika haubakigi. Mnasema mzigo huu ukiisha ntapumzika, watoto wakifunga shule ntapumzika, nikimaliza mkopo ntapumzika, alafu mkopo ukiisha unachukua mwingine. Mbona hisa hamsubiri ibaki? Hisa unaitoa kwanza, kabla hela haijapata kazi nyingine, ndo maana mwisho wa mwaka tunagawana. Basi na saa yako itoe hivohivo, iwe na siku yake, watu wa nyumbani waijue na wasiiguse.

Nyie wa sokoni ndo mnaniuma zaidi. Ndizi za Tukuyu zinashushwa alfajiri, Juni na Julai hapa kwetu baridi inakata masikio, mtu kaamka saa kumi usiku, chai anakunywa kasimama, andazi mkono huu na mkono ule anapimia mteja mchele. Na kuna kitu hamkisemi ila nakijua, hamnywi maji. Choo kiko mbali, kinalipiwa, ukiondoka mteja anahamia meza ya jirani, na kwa baridi hii kiu yenyewe haisikiki, basi mtu anabana mkojo toka asubuhi mpaka jioni. Alafu UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inajirudia kila mara mnanunua dawa dukani bila hata kupima. Jamani mwachie meza jirani yako dakika tano, na yeye akitaka kutoka mshikie ya kwake, chenji mnaazimana kutwa nzima hili linashindikana vipi?

Kuna mmoja wenu alivua ndala nikaona mikanda imemchora mguuni, nikabonyeza kwa kidole pakabaki shimo. Akasema ni kusimama tu mama. Inaweza kuwa kusimama kweli, lakini mguu ukibonyea hivyo unaenda kupimwa, presha, mkojo, moyo usikilizwe, husubiri mwisho wa mwezi. Presha wengi wetu haituoneshi dalili yoyote, mtu anajisikia mzima kabisa, mashine ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti tofauti hiyo ni presha, ianze kushughulikiwa. Nawaomba sana hili.

Mlioajiriwa nyie mna sheria na hamuitumii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, hayazidi 9 kwa siku, ukipiga kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo unapewa saa nzima ya kupumzika, kila wiki masaa 24 ya mapumziko, na likizo ya mwaka siku 28. Mwenye kunyonyesha ana mpaka masaa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Sisemi mkagombane na mabosi, nasema ombeni likizo mapema kwa maandishi, na ukiwa likizo usijibu mambo ya ofisi kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku.

Sasa nyumbani, hapa ndo penye shida yenyewe. Mwanamke akikaa kwenye kiti mchana kweupe wifi anaguna, mama mkwe anauliza maji yamechotwa, na wewe mwenyewe unajisikia vibaya unanyanyuka kutafuta cha kufagia. Mimi ni mkwe wa watu na nina wakwe, nasema wazi, mtoto wa miaka kumi wa kiume aoshe vyombo, baba akirudi mapema abandike wali, hakuna heshima inayopungua. Ukiishia kulazwa hao hao ndo watapika na kukuletea uji wodini, sasa si bora wapike leo ukiwa mzima.

Na misiba. Najua sisi huku msiba hatuuachi na sitaki tuuache, ila sio lazima kila msiba ulale chini kwenye mkeka siku zote mpaka matanga yaishe na alfajiri uende kazini. Nenda, toa rambirambi, pika, lia na wafiwa, usiku rudi ulale kwako. Wafiwa wa karibu ndo tukeshe nao.

Hiyo saa yenyewe uifanyie nini ni wewe, mwingine asuke, mwingine atembee kwa miguu toka Soweto mpaka Kabwe badala ya bajaji, mwendo wa haraka dakika 150 kwa wiki unautosha mwili, mwingine akae tu asisemeshwe. Ila kama usingizi wako haufiki masaa 7, anza na kulala, hayo mengine yatafuata.

Jumapili hii kabla hatujafungua sanduku kila mmoja aje na siku yake na saa yake, katibu aandike kwenye daftari chini ya hisa, na mashine ya presha nakuja nayo, njooni nusu saa mapema na msipandishe mlima mbio, mkae kwanza mtulie ndo niwapime.

Mama yenu,
nesi mstaafu, Soweto, Mbeya