Karata zikimtaja mtu, hiyo ni ramli

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba karata za utabiri, ziitwazo tarot, zisichanganywe na ramli tuliyoizoea huku Kanda ya Ziwa, kwa kuwa zimechapishwa, zina kitabu cha maelezo na hazimdhuru mtu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, na sasa nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Niliyoyaona mwaka jana hayaniruhusu kunyamaza.

Binti wa marehemu dada yangu, ambaye nashirikiana naye katika biashara, alipotelewa na magunia matatu ya dagaa. Badala ya kurudia daftari la stoo, aliniomba nimsindikize mjini bila kuniambia tunakwenda wapi, nami nikajikuta mbele ya kijana anayetandaza karata. Kijana alitandika kitambaa cheusi mezani, akamwambia mpwa wangu azichanganye mwenyewe, kisha akapanga tatu zikiwa zimefunikwa: moja ya yaliyopita, moja ya sasa, moja ya yajayo. Ya katikati ilipofunuliwa alionekana malkia ameketi kwenye kiti cha enzi, ameshika upanga wima. Kijana hakusema neno. Alimtazama mpwa wangu usoni kwa kitambo, ndipo akauliza taratibu kama kuna mama mtu mzima, aliyefiwa na mume, anayeingia stoo yake. Mpwa wangu akashusha pumzi na kulitaja jina yeye mwenyewe.

Ni kweli kwamba vitabu vya karata humhusisha Malkia wa Panga na ujane na huzuni. Lakini karata haikumjua bibi huyo aliyetajwa. Swali ndilo lililomtafuta, na hofu ya muulizaji ikamalizia. Kwa ufundi huo huo mpiga ramli wa kijijini husema adui yako ni mtu wa karibu, halafu akakuachia wewe umpate.

Msomaji huyo alizisifu pia karata hizi kuwa ni hekima ya kale. Pakiti hiyo ya karata 78 ilianzia kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na ilikuwa ya kuchezea tu. Makundi yake manne ni vikombe, panga, sarafu na fimbo, na majina hayo tunayo hata sisi bila kujua, kwani kopa, shupaza, uru na pau za vijiweni zimetokana na maneno ya Kireno yenye maana hizo hizo. Mwaka 1781 huko Paris, Antoine Court de Gébelin ndiye aliyedai katika maandishi yake kwamba picha hizo ni siri za Misri ya kale, wakati ambapo hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri hadi msomi Mfaransa, Champollion, alipoyafumbua mwaka 1822. Picha alizotumia kijana wetu zilichorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909.

Kwa hesabu ya darasani, karata tatu zikipangwa kutoka katika 78 zinaweza kutokea kwa namna 456,456, na kila namna ina jibu. Karata ya Mauti ikitoka, utaambiwa haimaanishi kifo bali mabadiliko. Ikitoka kichwa chini, maana hugeuzwa tena. Sisi wa Mwaloni hutazamia mbele kila siku: mwezi ukiwa mpevu tunajua dagaa watakuwa haba kwa sababu taa za wavuvi haziwavuti, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mawimbi makubwa, wenye busara huacha mitumbwi ufukweni. Utabiri huo ukikosea, kila mtu huona umekosea. Wa karata hauna mahali pa kukosea, na hilo ndilo linalonitisha.

Sina ugomvi na mtu anayetandaza karata peke yake ili atafakari mambo yake. Ugomvi wangu ni pale zinapomnyooshea mtu kidole, tena katika mikoa hii ambako vikongwe wameuawa kwa maneno ya wapiga ramli, hadi Serikali ikatangaza marufuku dhidi yao Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Bibi aliyetajwa alikuwa akituanikia dagaa kwa miaka sita. Aliambiwa asije tena, na haikupita wiki kabla maneno ya wizi hayajageuka kuwa maneno ya uchawi, kwa sababu ya macho yake mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa kuni za maisha yake yote.

Siku ya kumi na mbili magunia yalionekana. Yalikuwa yamepakiwa kimakosa kwenye lori la mfanyabiashara mwingine, na karani alikuwa ameliandika jambo hilo daftarini siku ile ile.

Nakuomba, Mhariri, matangazo ya watabiri wa karata usiyapokee, hata yakija na picha nzuri na lugha ya kistaarabu. Mpwa wangu alikwenda kwa bibi kuomba radhi, akachukua sukari kilo mbili na doti ya kitenge. Bibi alimkaribisha vizuri, akapokea sukari, kitenge akakirudisha. Kuanika hajarudi.

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza