Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2011: Kumkumbuka Profesa Wangari Maathai

Wanachama wenzangu,

Hesabu za fedha mmekwisha kusomewa na mweka hazina, nami sina la kuziongezea. Taarifa yangu ya mwaka huu ni ya msiba wa Profesa Wangari Maathai, aliyetutoka jijini Nairobi tarehe 25 Septemba akiwa na umri wa miaka 71, baada ya kuugua saratani ya ovari. Walimwengu wamemlilia kama mwanzilishi wa shirika la upandaji miti la Green Belt na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani, lakini kwetu sisi wa jimbo la Tetu alikuwa binti wa kijiji cha Ihithe, na mbunge tuliyemchagua wenyewe mwaka 2002.

Wadogo zetu waliojiunga juzi wajue kwamba Profesa hakuanza na miti. Alisomea biolojia nchini Marekani, akarudi kufundisha anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Alipokuwa akichunguza kupe waenezao ndigana kali, ugonjwa unaoua ng'ombe, aliona ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho, na mito iliyogeuka rangi kwa udongo uliosombwa mashambani. Akatambua kwamba mifugo hiyo ilikuwa ikitishwa na ardhi inayochakaa kuliko na kupe.

Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji jijini Nairobi, na kati ya hiyo ni miwili tu iliyosalimika, kibobakasi na mringaringa. Nadhani hesabu ile haikumtoka moyoni, kwa maana shirika lake la Green Belt lilikuja kuwalipa akina mama kwa kila mche ulioshika, si kwa kila shimo lililochimbwa. Nasema haya kwa uchungu, kwani daftari letu la miche tunayowagawia wakulima linaonyesha iliyotoka kitaluni tu, wala halina mahali pa kuandika iliyo hai.

Kuhusu ugonjwa wake, wengi wetu tulipata habari pamoja na tanzia. Ilikuwa haki yake kunyamaza, nami simlaumu hata kidogo. Hata hivyo saratani hii hujificha: tumbo hujaa, mtu hushiba kwa matonge machache, nyonga huuma, na mama wa shamba hudhani ni gesi. Haina kipimo cha kutegemewa cha kuigundua kabla ya dalili, kama kilivyopo cha saratani ya mlango wa kizazi. Nawasihi, dalili hizo zikidumu majuma kadhaa, mhusika aende hospitali, na asiachwe kwenda peke yake.

Mazishi yake ya kitaifa yalifanyika tarehe 8 Oktoba, siku ileile aliyotangaziwa tuzo mwaka 2004, alipopiga magoti papa hapa Nyeri akapanda kibobakasi. Kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji.

Kamati inapendekeza kwamba kila tarehe 25 Septemba tutembelee mashamba tuliyogawia miche, tuhesabu iliyo hai na kuiandika katika daftari jipya. Naomba pendekezo hilo lipigiwe kura kabla ya uchaguzi wa viongozi.