Risala ya Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kwa Mgeni Rasmi, Sikukuu ya Msimamizi Wetu, 27 Septemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baba Paroko,
Masista wapendwa,
Mwenyekiti wa Halmashauri Walei,
Viongozi wa WAWATA, UWAKA na VIWAWA, vyama vyetu vya akina mama, akina baba na vijana,
Viongozi wa jumuiya ndogondogo,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tumsifu Yesu Kristo!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha majukumu yako mengi na kukubali kupanda mlima huu kwa miguu, maana gari, kama ulivyojionea, linaishia kule chini kwenye lami. Wapo tuliowaalika miaka ya nyuma wakaishia hapohapo kwenye lami na kututumia salamu. Karibu sana Igogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia ni ndefu ila tutaikimbiza kwa sababu ya jua. Msimamizi wetu alizaliwa mwaka 1581 katika kijiji cha Pouy, Ufaransa, katika familia ya wakulima. Inasimuliwa kuwa baba yake aliuza maksai wawili ili mtoto asome, na wazee wetu wa Kisukuma waliopo hapa hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Alipadrishwa mwaka 1600 akiwa na miaka 19, na tuseme ukweli, wakati ule alikuwa anatafuta parokia yenye mapato mazuri. Maskini ndio waliomgeuza. Mwaka 1625 alianzisha shirika la mapadre wamisionari, na mwaka 1633, akiwa na Mtakatifu Louise de Marillac, akaanzisha shirika la masista, Mabinti wa Upendo. Alifariki Paris tarehe kama ya leo, mwaka 1660. Chama chenyewe kilianzishwa mwaka 1833 na Mwenyeheri Frédéric Ozanam na vijana wenzake wa chuo kikuu mjini humohumo, na aliyewafundisha kuingia nyumba za maskini alikuwa sista, Mwenyeheri Rosalie Rendu. Hapa parokiani kilianza na akina mama wachache waliokutana baada ya Misa ya kwanza chini ya mwembe, ambao sasa umekatwa kupisha choo.

Kuhusu mafanikio, chama kimepiga hatua kubwa. Tunaendesha mradi wa ufugaji wa kuku, ambao kwa sasa uko katika kipindi cha kujipanga upya baada ya ugonjwa wa kideri. Tumewekeza katika sekta ya sherehe kwa kununua viti vya plastiki vya kukodisha, ikiwemo hivyo mlivyokalia. Tuna akaunti benki. Tunawatembelea wagonjwa majumbani kila Jumamosi bila kukosa, na hilo tunalisema bila chumvi.

Sasa tunaomba utusikilize kwa makini kidogo, Mheshimiwa.

Agosti 1617, Vinsenti akiwa paroko wa Châtillon, aliambiwa kabla ya Misa kwamba kuna familia nje ya mji ambayo wote wamelala wagonjwa, hakuna wa kumpa mwenzake maji. Akalisema kwenye mahubiri. Jioni alipokwenda kuwaona akakuta njia imejaa watu, wengine wanakwenda na vikapu, wengine wanarudi. Paroko mwingine angefurahi na kushukuru. Yeye alisikitika, kwa sababu aliona kuwa katika chakula chote kile, kingine kitaoza, na wiki inayofuata familia ile itakuwa na njaa palepale. Siku chache baadaye akawakusanya akina mama wa mji, wakapeana zamu, kila mmoja na siku yake, wakaweka mhazini na hesabu. Katika kanuni aliyowaandikia alisema anayepeleka chakula aanze na mgonjwa mwenye ndugu wa kumwangalia, amalizie kwa yule asiye na mtu, ili apate muda wa kukaa naye.

Na Mabinti wa Upendo aliwaambia kuwa monasteri yao ni nyumba za wagonjwa, kapela yao kanisa la parokia, na kloista yao, yaani ua wa ndani wanamojifungia watawa, ni mitaa ya mji. Masista wetu wa hapa hawajawahi kuomba kloista nyingine, na mitaa ya Igogo wanaijua kuliko mabalozi wa nyumba kumi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wagonjwa wasio na mtu tunao. Hospitali ya Rufaa ya Bugando iko hapo juu, inapokea watu wa Kanda ya Ziwa nzima. Mama anatoka Ukerewe au Geita vijijini, anaambiwa ana saratani, anapangiwa mionzi. Mionzi ni dakika chache kwa siku, lakini ni kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa, na si lazima alazwe. Anatoka getini na bahasha ya vipimo mkononi. Aende wapi? Gesti inamaliza pesa yake ndani ya wiki ya kwanza. Tumewakuta kwenye varanda ya kanisa, wametandika kitenge, kichwa juu ya begi, sufuria ya uji imefunikwa kwa kanga. Wengine huona bora warudi nyumbani dozi ikiwa nusu. Masista wamewapokea hadi chumba chao cha kushonea kimejaa, cherehani zimehamia kwenye korido.

Ndiyo maana tukaanza nyumba ya mapumziko ya wagonjwa, vyumba sita na jiko. Kiwanja tulipewa na muumini mwenzetu, marehemu, Mungu amrehemu. Mawe ya msingi yamevunjwa hapahapa, vijana wa VIWAWA wakayasomba kwa mabega. Ukuta umefika kwenye linta, na hapo ndipo ulipo hadi leo.

Kwa heshima kubwa tunaomba tueleze kwa nini. Mgeni rasmi mmoja, akiwa amekaa kwenye meza kuu hiyohiyo, alisimama akatangaza kuwa bati zote atazitoa yeye, na tusimsumbue mtu mwingine. Vigelegele vilipigwa. Kwaya iliimba. Tulimkabidhi mbuzi beberu, na mbuzi aliondoka siku ileile. Bati hazijafika. Namba ya msaidizi wake tunayo, na inaita vizuri sana. Aliyefuata aliahidi mbao. Fundi akaambiwa asichukue kazi nyingine, akasubiri mpaka akahamia Nyakato. Kuna na ofisi iliyotutaka tuandike andiko la mradi, tukaandika, ikatutaka tuliandike upya kwa muundo mwingine, tukaandika, afisa akahamishwa. Hatumlaumu mtu, kila mmoja ana mambo yake. Ila masika hayakusubiri. Kozi mbili za juu upande wa ziwani zimeliwa na mvua, na katika chumba namba nne umeota mpapai ambao mwaka huu umezaa. Mapapai yake tunawapelekea wagonjwa, kwa hiyo hatuwezi kusema chumba hicho hakijawasaidia.

Mheshimiwa, kinachotakiwa ni bati 110 za geji 28, mbao za kenchi na papi zilizopakwa dawa ya mchwa, misumari, na ufundi. Milango na madirisha tutajitafutia wenyewe kupitia viti na, Mungu akipenda, kuku. Bei za sasa za maduka matatu ya mjini mhazini anazo, zimegongwa mihuri. Ukitaka kulipa dukani moja kwa moja bila pesa kupita mikononi mwetu, tutashukuru zaidi, na gari la kushusha pale kwenye lami tumeshaongea nalo. Kutoka hapo kuja juu tunabeba sisi.

Tunaomba jambo moja dogo. Usitupe ahadi. Kama ni bati kumi, tupe kumi leo, tutaezeka chumba kimoja, na kuna mama ambaye kesho asubuhi anapanda kwenda Bugando kutoka kwenye korido ya cherehani, atalala humo. Kama mwaka huu nafasi hairuhusu, tuambie tu, hatutakasirika, chakula kipo na utakula nasi.

Zawadi yako pia ipo, Mheshimiwa. Ni beberu mkubwa kuliko yule wa kwanza, amefungwa pale nyuma ya ukumbi, unaweza kumsikia. Kamati imekaa na kuamua kuwa kuanzia mwaka huu zawadi ya mgeni rasmi itakabidhiwa siku ya kupaua.

Tunaomba kuwasilisha.

Tumsifu Yesu Kristo.

Katibu, kwa niaba ya wanachama