Tafadhali, Usiisugue Kabla ya Kuniletea

Juma lililopita nimeitwa mwizi katika duka langu la medali za kale, na si mara ya kwanza. Bwana mmoja alileta medali ya shaba ya mwaka 1897, ile ya miaka 60 ya enzi ya Malkia Victoria, inang'aa kama sinia la harusi. Akanionyesha kwenye simu nyingine kama hiyo, na bei yake. Nilipomtajia robo ya bei ile, akawaka kuliko medali yenyewe.

Ya kwenye simu ilikuwa na rangi ya kahawa iliyoivaa kwa zaidi ya miaka 120. Yake ilisuguliwa kwa ukwaju na majivu. Kwa sufuria, sawa kabisa, hata mimi nyumbani natumia. Kwa medali, ukwaju unakula shaba, majivu yanakwaruza, na vinavyotangulia kwisha ni vile vilivyoinuka: pua ya malkia, mikunjo ya shela, kisha herufi za Kilatini za upande wa pili, zilizotolewa Mithali 3:16. Rangi ile, ambayo ndiyo wanunuzi wanaitaka, hairudi. Ukipaka ya kubandika, mnunuzi ataiona kwa kioo cha kukuzia.

Za bati ndizo huniuma zaidi. Medali nyingi za ukumbusho wa Maonyesho Makuu ya 1851, pale Hyde Park, London, zilipigwa kwa madini meupe laini yenye bati. Hizo hata kitambaa kikavu kinaacha mistari.

Wapo pia wanaodhani umri pekee ni mali. Mwaka 1887 na 1897 watoto wa shule Uingereza waligawiwa medali za bei rahisi kwa wingi, ndiyo maana nyingine zina tundu la utepe. Kongwe, ndiyo. Adimu, hapana.

Mama mmoja aliniletea ya 1897 ya fedha, ile ndogo ya milimita 26 hivi, haijaguswa. Kijikasha chake alikitupa kwa kuwa kilinuka ukungu, asijue kwamba nacho kina thamani. Nilimlipa vizuri, ila mpaka leo tukikutana sokoni huanza na kile kijikasha, salamu baadaye.

Mnayolipia kwangu ni kupima uzito na kipenyo, kukagua ukingo, kulinganisha na vitabu. Mafuta ya vidole nayatoa kwa asetoni, basi. Kwa hiyo ishike ukingoni, usiitie kwenye mfuko laini wa plastiki maana joto letu la pwani huutoa utomvu wa kijani, na uilete na uchafu wake. Kuitazama tu sitozi.