Kabla ya kununua projekta ya sauti

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wenzangu wa Lamu wanaotafuta projekta ya sauti kwa ajili ya filamu ndogo za harusi na maulidi walizoachiwa na wazee. Itazameni kwanza filamu yenyewe: Super 8, aina ya filamu iliyotolewa na Kodak mwaka 1965, ina matundu ya pembeni madogo kuliko ile ya awali ya milimita 8, na yenye sauti huwa na utepe mwembamba wa sumaku, wa rangi ya hudhurungi, ukingoni. Pasipo utepe huo mtalipia sauti isiyokuwapo. Kisha hakikisheni mashine inakwenda kwa picha 18 na 24 kwa sekunde, maana kasi ikizidi, kaswida hugeuka mlio wa paka. Yangu niliinunua bila kuifungua. Mpira wa kuzungushia ulikuwa umeyeyuka kama lami, nikawa naukwangua kwa kijiti.

Msomaji,
Langoni, Lamu