Cheti cha mgonjwa wa mgongo kitaje saa na kilo

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie maneno mawili yanayoandikwa kwenye vyeti vya wagonjwa wa mgongo hapa Dar es Salaam: "kazi nyepesi". Mgonjwa anakipeleka cheti kwa msimamizi, na kila mmoja anaelewa lake. Ghalani, kazi nyepesi inageuka kuwa kufagia, na ufagio wa chelewa ni kuinama kutwa nzima. Ofisini inakuwa kukaa kitini saa 8 mfululizo. Wiki mbili hazipiti, mtu yuko kitandani tena, na bosi anasema asirudi mpaka apone kabisa.

Hapo ndipo penye kosa. Maumivu ya kiuno yaliyovuka miezi 3 huitwa sugu, na wengi walio nayo hawana mfupa uliovunjika wala ugonjwa wa kungoja uishe. Wakilala tu, misuli inadhoofika, mgongo unakakamaa na hofu ya kuinama inakua. Kurudi kazini kwa mpango ni sehemu ya tiba yenyewe. Picha ya MRI, ile ya kipimo kinachoonyesha ndani ya mgongo, nayo isitumike kumzuia mtu, kwa kuwa diski (mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa huonekana hata kwa wengi wasioumwa.

Kwa mtu wa ghala, mpango wa kuanzia uwe hivi: wiki ya 1 na ya 2, saa 4 kwa siku, mzigo usiozidi kilo 5 na usiookotwa chini. Wiki ya 3, saa 6, kilo zilezile. Wiki ya 4, saa 6, kilo 10. Wiki ya 5, saa 8, kilo 10, kisha 15 wiki inayofuata. Saa na kilo zisipande wiki moja, maana maumivu yakizidi hamtajua kilichoyaleta. Asiye na mizani atumie ndoo ya lita 20: ikijaa maji ni kilo 20, nusu yake 10, robo yake 5. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ubebwe na toroli, na lumbesa haimfai hata mwenye mgongo mzima.

Maumivu kuongezeka kidogo jioni si dalili ya kuumia. Yakishuka ndani ya saa 24, aendelee. Yasiposhuka, arudi hatua moja nyuma kwa siku 2 au 3, asiache kazi. Wanaoharibikiwa zaidi ni wale wanaojisikia vizuri Jumatatu wakamaliza viporo vyote siku hiyo, halafu wakalala mpaka Alhamisi.

Fundi cherehani wa kiwandani mara nyingi hulaumu kiti, lakini mtazameni kikapu cha vipande kilipo: sakafuni, upande mmoja. Kila kipande anainama huku amejipinda, mamia ya mara kwa siku. Kikapu kikipandishwa juu ya stuli, usawa wa meza, mzigo mkubwa wa mgongo umeondoka bila gharama. Kisha asimame dakika 2 kila baada ya dakika 30.

Foleni nayo ihesabiwe. Anayetoka Mbagala au Chanika akakaa saa mbili kwenye daladala amefika ameshatumia sehemu ya uvumilivu wa mgongo wake. Aruhusiwe kuingia saa 4 asubuhi, barabara ikiwa imepungua.

Mikanda ya kiuno inayouzwa mitaani isitegemewe: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2023 unashauri isiwe tiba ya kawaida. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ikimezwa kila siku bila daktari huumiza tumbo na figo.

Mwenye kushindwa kukojoa au kuzuia haja, ganzi katikati ya mapaja, au miguu yote miwili kulegea aende hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda vichunguzwe mapema, kwani kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu. Inatuuma kuona siku hizo zikiishia kitandani. Tunawaomba madaktari waandike mambo matatu kwenye cheti: saa za kazi kwa siku, kilo za juu kabisa, na tarehe ya mgonjwa kuonwa tena.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Dar es Salaam